Vokali inaelea juu ya biti, besi inapotea kwenye simu, gari linapasua sauti: tatizo ni miksi au masta?

Kinubi wa Chumbani anauliza:

Wakuu, habari za kazi. Nina wimbo uliorekodiwa na kumiksiwa (kupangwa uwiano wa sauti zake) nyumbani, na kuna mambo kadhaa yananishinda. Naweka vipimo vyote ili mtu asilazimike kubahatisha.

Biti ni ya kununua mtandaoni, faili moja tu la MP3 ya 320, mapigo 96 kwa dakika, F maina. Besi ni 808, ile besi nzito ya kielektroniki, inayotembea kati ya F, A bemoli na B bemoli. Vokali, yaani sauti za kuimba, ni za kiume: moja kuu, mbili za kuirudia kwenye kiitikio, moja ya sauti ya tatu, na vikorombwezo vya hapa na pale. Maiki ni kondensa ya bei ya chini, kadi ya sauti inatoa fantomu ya volti 48, programu ni Reaper. Chumba ni futi 10 kwa 10, tofali zilizopigwa plasta, dari futi 9, kuta mbili zimebandikwa trei za mayai. Nasikilizia hedfoni pamoja na spika mbili za inchi 5.

Kwenye traki kuu, inapopita miksi nzima, nimeweka ikwalaiza (ya kupandisha na kushusha masafa), kompresa ya bendi nne (ya kubana sauti zinazozidi), plagini ya kutanua sterio, halafu limita (ya kuzuia vilele visipite kiwango). Mita ya Youlean inasoma LUFS −7.5 (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia) kwa wimbo mzima, na kilele halisi, yaani kimo cha juu kabisa cha wimbi, ni +0.9.

Shida zenyewe: vokali inasikika kama imebandikwa juu ya biti, na nikiishusha maneno ya beti yanamezwa, hasa mwisho wa mstari. "S" na "sh" zinachoma masikio. Kwenye simu besi haipo na bakapu (vokali za nyuma) za kiitikio zinafifia. Kwenye gari besi inavuma na sauti inapasuka. Juu ya yote, YouTube wimbo unasikika mdogo kuliko za wengine wakati limita inafanya kazi mpaka inawaka nyekundu.

Nianzie wapi? Nimpelekee mtu wa kumasta, yaani kuukamilisha wimbo baada ya miksi, au bado? Na hii LUFS −14 ya majukwaa ya mtandaoni inayosemwa kila mahali ni lazima?

Mita Nyekundu anajibu:

Kaka, bado usimpelekee mtu. Atakachofanya ni kukurudishia uishushe biti.

Biti ya MP3 inayouzwa mtandaoni kwa kawaida imeshapigwa limita na aliyeitengeneza, ili mnunuzi aisikie kubwa akiijaribu. Fungua faili lako utazame umbo lake: likiwa limejaa kama tofali na vilele vimegonga sifuri, hapo hakuna nafasi ya kuweka mtu wa kuimba. Ukirundika vokali juu yake, limita yako ya mwisho inalazimika kuishusha biti nzima kila neno linapotoka. Mwanzoni mwa mstari snea (ngoma ya mlio mkali) inasinyaa, ukinyamaza inaruka juu tena. Huko kubandikwa unakosikia kunaanzia hapo.

Kwa hiyo zima plagini zote za traki kuu. Ishushe biti yenyewe, kwenye faili na si kwenye fada (kitelezi cha sauti cha traki), kwa desibeli 8. Reaper inafanya hesabu zake za ndani kwa namba zenye nafasi kubwa mno, hivyo kushusha hakuharibu chochote. Fada ya biti iache sifuri ili uwe na pa kuchezea. Halafu angalia vokali: vilele vya rekodi viwe kati ya −12 na −10, na sehemu za kawaida zizunguke −18. Kama ulirekodi kwa biti 24 (hizi ni biti za faili la kompyuta, si biti ya wimbo) huna haja ya kusukuma geini, kikuza sauti cha kadi, ikaribie nyekundu. Kila biti moja ya faili ni takriban desibeli 6, kwa hiyo hata ukiacha desibeli 12 juu bado uko mbali sana na kelele za faili. Kelele utakazozisikia ni za chumba na za umeme, na hizo geini inazipandisha pamoja na sauti.

Sasa weka traki kuu kwenye mono (kushoto na kulia vijumlishwe kuwa kimoja) na ushushe sauti ya kusikilizia mpaka mtu akiongea chumbani anaifunika. Biti na vokali kuu tu, hakuna kingine. Pandisha vokali mpaka iwe wazi imezidi, shusha mpaka maneno yaanze kupotea, kisha irudishe juu kwa desibeli 1 au 2 kutoka pale ilipopotea. Kwa sauti hiyo ndogo uweze kufuata kila neno huku snea ukiisikia kwa shida. Ukifanya kazi hii kwa sauti kubwa utadanganyika, kwa sababu sikio husikia besi na sauti za juu vibaya zaidi sauti inapokuwa ndogo. Jambo hilo Fletcher na Munson walilipima tangu 1933. Mtu anayemiksi kwa sauti kubwa usiku kucha asubuhi anakuta besi imekonda.

Ukishapata uwiano huo, ndipo uipe vokali nafasi ndani ya biti. Weka ikwalaiza kwenye biti, punguza desibeli 2 kwenye 2.5 kHz kwa upana mkubwa, Q (namba ya upana) ya 1 hivi, na uiandikie otomesheni (maagizo ya kujiwasha na kujizima) ifanye kazi kwenye beti tu. Kiitikio kikianza biti irudi kamili, na huo mruko peke yake unakifanya kiitikio kionekane kikubwa. Baada ya hapo ReaComp, kompresa ya Reaper, kwenye biti: tuma vokali kuu kwenye chaneli 3 na 4 za traki ya biti, iambie ReaComp isikilize hizo, uwiano 2:1, ataki (muda wa kuanza kubana) milisekunde 10, rilizi (muda wa kuachia) 120, na kizingiti (kiwango inapoanzia kubana) ukishushe mpaka sindano ipungue desibeli 1.5. Usizidishe. Ukianza kusikia biti inapumua, umepitiliza.

Kama muuzaji wa biti anatoa WAV (faili lisilobanwa) au stemu (kila ala kwenye faili lake), lipia tofauti hiyo kabla hujanunua plagini yoyote. Ukiwa na 808 kwenye traki yake, nusu ya shida zako zinakuwa kazi ya dakika tano.

Binti Fada anajibu:

Mita kasema ya biti, mimi niseme ya koo.

Kabla ya kompresa kuna kazi ya mikono ambayo wengi wanairuka. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ya mwisho inaachiwa ianguke. Mwimbaji akiwa karibu na maiki, "-ta-" ya "sitaki" inaruka na "-ki" inaingia chini ya haihati (matoazi ya biti). Msikilizaji akikosa irabu hiyo ya mwisho anabaki anajiuliza umesema nini. Kompresa haitakuokoa: imeshaanza kubana kwenye silabi yenye mkazo, na kama rilizi ni ndefu inaendelea kuishikilia chini ile inayofuata. Pita mstari kwa mstari, kata kipande cha silabi ya mwisho, kipandishe desibeli 2 mpaka 4, na uweke mteremko mfupi kila upande. Beti moja inakula nusu saa. Hakuna plagini inayofanya vizuri hivyo.

Papo hapo angalia maneno yanayoanza na "mb", "nd", "ng": mbali, ndani, ngoja. Kabla ya irabu kutoka kuna mvumo wa puani, nguvu zake nyingi ziko karibu na 250 Hz, na kwenye chumba kidogo mvumo huo unanenepa. Kompresa inaukamata kwanza, kisha irabu inatoka imefinywa. Mvumo ukizidi, ushushe desibeli 3 kwa mkono.

Pumzi usizifute. Zishushe desibeli 8 hadi 10. Vokali isiyopumua inasikika kama tangazo la kituo cha basi.

Mnyororo wenyewe, kwa mpangilio huu. Ikwalaiza ya kusafisha: kata chini ya 80 Hz kwa mteremko wa desibeli 12 kwa oktava, kisha tafuta sauti ya boksi kati ya 300 na 450 Hz na uipunguze desibeli 3. Kompresa ya kwanza ni ya kukamata vilele: uwiano 4:1, ataki milisekunde 3, rilizi 60, ipunguze 3 au 4 kwenye maneno makali tu. Ya pili ni ya kulaza: uwiano 2:1, ataki 25, rilizi 150, ipunguze 2 karibu muda wote. Mbili zinazofanya kidogo kidogo zinasikika kiasili kuliko moja inayopunguza 7. Baada yake diesa, plagini ya kupunguza "s". Iweke nyuma ya kompresa, maana kompresa ndiyo inayozipandisha hizo "s": irabu inabanwa, "s" inapita bila kuguswa. Kwa sauti ya kiume anzia 5.5 kHz, ya kike 7, na ipunguze isizidi 5. Zaidi ya hapo mwimbaji anapata kithembe. Mwisho kabisa, ukihitaji hewa, pandisha desibeli 1.5 kuanzia 10 kHz. Lakini kondensa nyingi za bei ya chini zimeshapandishwa huko juu kiwandani, kwa hiyo inawezekana kabisa wewe unahitaji kupunguza.

Dawa kubwa ya "s" iko kwenye kurekodi. Simama sentimita 15 hadi 20, maiki ielekee pembeni kidogo ya mdomo, nyuzi 15 zinatosha, na chujio la "p" na "b" liwe katikati. Ukiimba ukikielekea kitovu cha maiki unapiga "s" moja kwa moja kwenye utando.

Bakapu za kiitikio: vokali mbili za kurudia zikae desibeli 6 hadi 9 chini ya kuu, moja kushoto asilimia 70, nyingine kulia. Zikate chini ya 180 Hz. Halafu ondoa "s" na "t" za silabi za mwisho kwa mkono, acha vokali kuu peke yake izitamke. Watu watatu wakitamka "s" kwa nyakati tofauti unapata msururu wa cheche ambao diesa haiwezi kuushughulikia.

Riverbu (mwangwi wa chumba) iwe kwenye traki yake, vokali zitumwe huko. Ichelewe kuanza kwa milisekunde 25, mkia wa sekunde 1 hivi, na kinachorudi ukikate chini ya 300 Hz na juu ya 6 kHz. Dilei (mwangwi unaorudia neno) ihesabu kutoka kwenye biti: 60,000 gawanya kwa 96 ni milisekunde 625 kwa pigo, nusu yake 312.5. Hiyo ya nusu, kimya kimya chini ya vokali, ndiyo inayoishonea vokali ndani ya biti kuliko riverbu yoyote. Kwenye beti yenye maneno mengi izime, iwashe mwisho wa mstari.

Pembe Nne anajibu:

Mimi nashika chumba na besi, kwa sababu hapo ndipo ndugu yetu anapigwa bila kujua.

Futi 10 ni mita 3.05. Sauti inasafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Gawanya 343 kwa mara mbili ya upana na unapata 56 Hz, mawimbi ambayo chumba kinayapandisha chenyewe. Kwa kuwa chumba ni mraba, urefu na upana vinapandisha masafa yaleyale, na dari ya futi 9 inaongeza 63 jirani yake. Sasa tazama noti za 808: F iko 44 Hz, A bemoli 52, B bemoli 58. Yaani noti mbili kati ya tatu zimekaa juu ya mlima wa chumba, na F iko bondeni. Ukikaa karibu na ukuta B bemoli inakutikisa, unaipunguza. Ukikaa katikati kabisa ya chumba inatoweka, unaiongeza. Spika hazina kosa, wala masikio yako.

Kwa kazi ya chini ya 150 Hz tumia hedfoni, mita ya masafa kama SPAN ya Voxengo, na marejeo. Marejeo ni wimbo uliotoka rasmi, wa mtindo huohuo na kasi inayokaribiana, umeuweka kwenye traki isiyopita kwenye plagini za traki kuu, na umeushusha mpaka LUFS zilingane na za miksi yako. Bila kulinganisha ukubwa, marejeo yatakushinda kila mara na hutajifunza kitu. Sikiliza besi peke yake kwa kukata kila kilicho juu ya 150 Hz kwenye zote mbili, badilisha huku na huku, utasikia tofauti kwa sekunde kumi.

Trei za mayai zitoe. Ni karatasi nyembamba, zinasumbua kidogo sauti za juu na kuziacha za kati na za chini zipite kama hakuna kitu. Matokeo yake ni chumba chenye giza juu na boksi kwenye 300 hadi 400, ndiyo hiyo anayokuambia dada uikate. Chukua godoro la sponji la inchi 6, lisimamishe nyuma ya mwimbaji. Nyuma ya mwimbaji nasema, kwa sababu maiki ya aina hii inasikia mbele yake, na mbele yake kuna mwimbaji na ukuta ulio mgongoni kwake. Wengi wanaliweka nyuma ya maiki, upande ambao maiki haisikii vizuri. Sponji ya sentimita 15 iliyogusa ukuta inafanya kazi kamili kuanzia karibu 570 Hz kwenda juu. Ukiiacha na nafasi ya sentimita 15 nyingine kati yake na ukuta, inashuka hadi karibu 290. Blanketi zito juu ya stendi mbili kushoto na kulia litamalizia.

Na ukisikia mvumo mdogo chini ya vokali, wenye 50 Hz na ndugu zake 100 na 150, huo ni umeme. Chomoa chaja ya kompyuta, rekodi kwa betri, usikilize kama umeondoka kabla hujagusa plagini za kuondoa kelele. Feni nayo izimwe hata kama kuna joto.

Simu: spika ya simu kwa kawaida haitoi cha maana chini ya 200 au 300 Hz. F ya 44 Hz haitatoka humo hata ukiongeza desibeli 20, na ukiongeza ndiyo unaua gari. Kinachosikika kwenye simu ni hamoniki zake, sauti za juu zinazozaliwa na noti hiyo: 87, 131, 175, 218 na kuendelea, na ubongo unakamilisha noti ya chini wenyewe. Kwa sababu huna stemu, nakili traki ya biti. Kwenye nakala kata kila kilicho juu ya 120 Hz, weka plagini ya satureisheni (inayozalisha hamoniki kwa kukwaruza sauti) uisukume mpaka ikwaruze waziwazi, kisha kata kilicho chini ya 150 na juu ya 700. Ipandishe polepole chini ya biti halisi, mara nyingi inakaa desibeli 14 hadi 18 chini, mpaka simu ianze kutamka noti. Kiki (ngoma nzito ya biti) itaingia humo pia, haina ubaya. Geuza fazi (mwelekeo wa wimbi) ya nakala mara moja: upande unaonenepesha ndio sahihi.

Kuhusu kufifia kwa bakapu, mshukiwa ni plagini ya kutanua sterio. Nyingi zinatanua kwa kuchezea fazi kati ya kushoto na kulia, na mahali panapojumlisha mono, vilivyotanuliwa vinafutana. Spika nyingi za Bluetooth na za baa ni mono. Itoe. Vokali mbili zilizoimbwa kweli mara mbili zina upana wake tayari.

Fundi Kilele anajibu:

Wenzangu wamemaliza miksi. Nina neno moja la kuongeza: kwa mwimbaji mwenye sauti nzito, kukata kwenye 80 Hz ni sawa, ila nimeona watu wanakariri 120 kwa kila mtu. Sauti ya kiume ya kuongea inaanzia karibu 85 Hz. Ukikata 120 unamvua kifua, halafu unarudi kumwongezea kwa ikwalaiza ya joto sijui nini. Sikiliza kwanza.

Sasa −14. Spotify na YouTube zinalenga takriban LUFS −14, Apple Music −16 mtu akiwasha usawazishaji. Wimbo wako wa −7.5 YouTube inaushusha desibeli 6.5 hivi. Ukiwa kwenye kompyuta bofya kulia juu ya video, fungua dirisha la takwimu, na mstari wa sauti utakuonyesha umezidi kwa ngapi. Ukishashushwa, wimbo uliobanwa mpaka −7.5 unakaa mezani sawa na wa −11 ambao snea yake bado inaruka, na kwa sikio ule wa −11 ndio unaoonekana mkubwa. Limita yako imekula mashambulizi ya ngoma, kisha jukwaa la mtandaoni limekunyang'anya ule ukubwa ulioununua kwa bei hiyo. Ndiyo sababu unasikika mdogo.

Lakini usikimbilie −14. Hiyo ni namba wanayosawazishia wao, si amri ya namna ya kumasta. Nyimbo zetu nyingi bado zinapigwa kwenye fleshi ya daladala, kwenye spika ya baa, kwa DJ anayechanganya faili aliyotumiwa WhatsApp. Huko hakuna anayesawazisha, na wimbo wa −14 ukifuata wa −8 watu watadhani spika imeharibika. Kwa Bongo Fleva yenye 808 lenga −10 au −9.5 ukipima kiitikio, uache wimbo mzima uangukie popote, pengine −11. Hapo unasimama kwa DJ na hupotezi mengi YouTube.

Traki kuu iwe na vitu vichache. Kompresa ya bendi nne itoe: kwa biti iliyokwisha kubanwa inazidi kuvuruga uwiano ulioupigania, kila bendi inashuka kwa wakati wake na vokali inabadilika rangi. Weka ikwalaiza isiyozidi desibeli 1 popote, na chini ya 25 Hz ukate. Kompresa moja, uwiano 1.5:1, ataki 30, rilizi ya kujiendesha, ipunguze 1. Ukiwa na klipa laini, iache ikate desibeli 1 au 2 za vilele vya snea kabla ya limita. Kisha limita yenye kipimo cha kilele halisi, dari iwe −1. Isipunguze zaidi ya 3 mahali penye kelele kuliko pote.

Ukiona ili ufike −10 limita inapunguza 5 au 6, usilazimishe. Rudi kwenye miksi, na mara nyingi utakuta mkosaji ni besi. Noti moja ya 808 iliyozidi desibeli 3 inakula nafasi yote ya limita bila mtu kuisikia kwenye hedfoni. Ishushe kwa ikwalaiza kwenye noti hiyo tu, kwako wewe naanzia 58 Hz, Q ya 4, desibeli 2, na limita itapumua.

Gari kupasua kuna sababu mbili zinazopandana. Ya kwanza ni +0.9. Sampuli zenyewe hazizidi sifuri, ila wimbi linalounganisha sampuli moja na nyingine linapita juu yake, na redio ya gari ikishaligeuza kuwa umeme linakatwa. Kulifanya MP3 kunaongeza vilele zaidi, na ndiyo maana dari ni −1. Ya pili ni kwamba gari lenyewe linapandisha besi, na mwenye gari ameongeza kitufe cha besi juu yake. Ukiwa umejaza 50 hadi 60 Hz kufidia simu, spika ya mlangoni haina pa kwenda.

Unapopima kama masta imeboresha kitu, shusha masta ilingane kwa LUFS na miksi isiyo na plagini, ndipo ubadilishe huku na huku. Asilimia kubwa ya plagini zinapendwa kwa sababu zimeongeza desibeli 1.

Kinubi wa Chumbani anajibu:

Asanteni sana wakuu, dada umenigusa kwenye hizo silabi za mwisho. Mawili tu. Muuzaji hana WAV wala stemu, MP3 ndiyo hiyo. Kuna la ziada? Na nikitoa mafaili ya mwisho nitoe ya aina gani, pamoja na la kuimbia jukwaani?

Mita Nyekundu anajibu:

MP3 ya 320 inavumilika. Ingekuwa 128 ningekuambia uachane nayo, hizo kwa kawaida zimekatwa karibu 16 kHz na haihati zinasikika kama zinachemka. Usichopaswa kufanya ni kuongeza sauti za juu za biti: kasoro za MP3 zimejificha huko na ukipandisha 10 kHz unazianika. Ukitaka wimbo ung'ae, mng'ao utoke kwenye vokali zako, hizo ni safi. Na usiitoe miksi tena kwa MP3 ili ukaimaste baadaye, utakuwa umebana mara ya pili kabla hata ya jukwaa la mtandaoni kubana mara ya tatu.

Fundi Kilele anajibu:

Weka mradi kwenye 44.1 kHz uendane na biti. Miksi itoe kwa WAV ya biti 24, bila limita, vilele visizidi −3. Masta ya kupakia itoe vilevile WAV ya biti 24. Ukilazimika kutoa ya biti 16 ndipo uwashe diza (kelele ndogo inayoficha kasoro za kupunguza biti za faili), mara moja tu, mwisho kabisa baada ya limita. MP3 ya kugawa itoe kutoka kwenye masta hiyo, 320, uipime tena kilele halisi. Ikiwa imepita sifuri, shusha dari ya limita hadi −1.5 na utoe upya. WhatsApp itume kama hati. Acha nusu sekunde ya ukimya mwanzoni, na mwishoni subiri mkia wa riverbu uishe wenyewe, usikatwe.

La jukwaani ni biti pamoja na bakapu na vikorombwezo, bila vokali kuu. Acha limita ileile na mpangilio uleule, ila ondoa ule upunguzaji wa 2.5 kHz kwenye kiitikio kama umeuacha ukiendelea, na usiipandishe ifikie ukubwa wa wimbo kamili. Itoke desibeli 2 au 3 chini. Maiki ya jukwaani itahitaji nafasi hiyo, na mtu wa mitambo hatakuwa na muda wa kukutafutia. Toa nakala ya mono pia, jina la faili liseme hivyo waziwazi.